Filamu ya shujaa inakuja: ununue komiki yake, uuze, au utulie?

"Kaka, trela umeiona? Nikatafute toleo la kwanza la yule jamaa?" Ujumbe wa namna hii huniingia kila filamu mpya ya Marvel au DC, wale wachapishaji wakubwa wa komiki za mashujaa, inapokaribia, na jibu langu huwa lilelile: umechelewa. Trela ikishafika kwenye simu yako imefika kwenye simu ya kila mtu, na wenye komiki hiyo walishapandisha bei wewe ukiwa umelala.

Nakusanya komiki huku Marekani mwaka wa kumi na kitu sasa, kwa mfuko wa mtu wa kawaida. Si wa wale wanaonunua Amazing Fantasy namba 15, alikozaliwa Spider-Man, kwa dola milioni 3.6 kama ilivyotokea mnadani Septemba 2021. Nimepata, nimepoteza, na zaidi nimepoteza pale nilipoifuata filamu. Karatasi haibadiliki kwa sababu ya filamu. Kinachobadilika ni idadi ya watu sokoni: wanakuja kwa mkupuo, wanaondoka kwa mkupuo. Ukijua leo wako wapi, mengine ni hesabu na macho.

Hatua ya 1: Tafuta alikozaliwa mhusika, usitafute jina la filamu

Filamu ya Black Panther ilipotoka Februari 2018 nilimwona kijana dukani akilipia Black Panther namba 1 huku anachekelea. Kitabu kizuri, ila ni cha 1977. T'Challa, yaani Black Panther mwenyewe, alikuwa ameshatokea zaidi ya miaka kumi nyuma yake, kwenye Fantastic Four namba 52 ya Julai 1966, na Wakanda, nchi yake ya kubuniwa, ilionekana humohumo. Cheti chake cha kuzaliwa ni kile, na soko hulipia cheti.

Ndivyo ilivyo kwa wengi. Iron Man alianzia Tales of Suspense namba 39 ya 1963. Thanos alianzia Iron Man namba 55 ya 1973. Deadpool yumo kwenye New Mutants namba 98 ya 1991, na Moon Knight aliingia kama adui tu kwenye Werewolf by Night namba 32 ya 1975. Killmonger, aliyewaliza watu kwenye ile filamu ya Wakanda, yumo kwenye Jungle Action namba 6 ya 1973. Ukisikia jina la mhusika kwenye tetesi, swali lako la kwanza liwe: huyu alionekana wapi kabla hajapewa kitabu chake?

Wakati mwingine jibu lina mabishano. Wolverine anachungulia kwenye ukurasa wa mwisho wa Incredible Hulk namba 180, halafu namba 181 ya Novemba 1974 ndiyo inayomwonyesha akipigana mwanzo mwisho. Kwa akili ya kawaida 180 ndiyo ya kwanza. Soko limeamua 181, na tofauti ya bei si ndogo. Usibishane na soko kwa pesa yako.

Tukiwa hapo, wa kwetu mmoja: Storm wa X-Men. Mama yake kwenye hadithi ni Mkenya, na Profesa Xavier, kiongozi wa kundi hilo la mashujaa, anamkuta Kenya kwenye Giant-Size X-Men namba 1 ya 1975. Jina lake Ororo husemwa kwamba kwa Kiswahili ni "uzuri." Mimi na wewe tunajua ororo ni laini, teketeke, kama godoro. Hilo halijapunguza bei ya kitabu hata senti. Nilitaka tu kulisema.

Hatua ya 2: Uliza zilichapwa ngapi na zimebaki ngapi

Hapa ndipo watu wengi wenye boksi la zamani la mjomba huvunjika moyo. Filamu ya Batman ya 1989 ilijaza maduka ya komiki watu waliokuwa na ndoto ya kutajirika, na wachapishaji nao hawakulala. X-Men namba 1 ya 1991 iliuzwa kwa maduka nakala zaidi ya milioni 8. Superman namba 75 ya mwisho wa 1992, ile ya kufa kwake, ilikuja ndani ya mfuko mweusi na watu waliinunua tano tano wakaiweka bila kuifungua, ili "itasomesha watoto." Imesomesha nani? Kila mtu aliitunza, kwa hiyo iko kila mahali hadi leo. Miaka michache baadaye soko likaporomoka, maduka yakafungwa kwa wingi, na Desemba 1996 Marvel yenyewe ikaomba kinga ya kufilisika.

Linganisha na Action Comics namba 1 ya 1938, Superman wa kwanza kabisa. Iliuzwa senti 10, watoto wakaikunja, mama zao wakaitupa, na wakati wa Vita Kuu ya Pili karatasi zikakusanywa kwa ajili ya vita. Zilizobaki zinakadiriwa kuwa takriban 100. Nakala moja ilikwenda kwa dola milioni 6 mnadani Aprili 2024, na haikungoja filamu yoyote.

Kwa mfuko wetu, kanuni yangu ni nyepesi. Kitabu cha kabla ya 1980 na kidogo baada ya hapo nakitazama vizuri. Cha miaka ya 1990 nakitilia shaka mpaka kinithibitishie. Cha sasa chenye majalada ishirini tofauti ya hadithi ileile, nanunua kukisoma tu. Zipo tofauti, kama Ultimate Fallout namba 4 ya 2011 alikozaliwa Miles Morales, au The Walking Dead namba 1 ya 2003, iliyochapwa kwa maelfu machache kabla mtu yeyote hajaota tamthilia yake ya 2010. Lakini angalia kilichozifanya hizo kuwa tofauti: zilitoka kabla ya kelele za filamu na tamthilia.

Hatua ya 3: Soma ratiba ya filamu kama msimu wa mahindi

Mwenye ghala hanunui mahindi Machi, wakati kila nyumba inatafuta debe. Hununua wakati wa mavuno, yakiwa yamelundikana hata gunia la kuyatilia halipatikani. Komiki nazo zina msimu, na ukiufuatilia utaona unapita hatua tano.

Kwanza kimya. Mhusika hatajwi, kitabu kinalala kwenye boksi la dola chache. Pili tetesi: mtu fulani anayejua mtu fulani kasema. Bei inaanza kutambaa. Tatu tangazo rasmi, mara nyingi kwenye tamasha la Comic-Con huko San Diego mwezi Julai, na siku hiyohiyo nakala za bei nafuu zinatoweka mtandaoni. Julai 2024 Robert Downey Jr. alipovua kinyago jukwaani kutangazwa kuwa Doctor Doom, Fantastic Four namba 5 ya 1962 ilianza kuwindwa usiku uleule. Nne trela. Tano filamu yenyewe, na hapo kwa kawaida bei inashuka, hata filamu ikiwa nzuri. Aliyekuwa anakitaka kitabu ameshakipata. Waliobaki sokoni ni wauzaji watupu, wote wamekumbuka kuuza wiki moja.

Ada yangu ya shule niliilipia kwa The Eternals. Filamu ilitangazwa Julai 2019 itoke Novemba 2020, korona ikaisogeza hadi Novemba 2021. Katikati hapo watu walikuwa ndani, wana muda na wengine wana pesa ya serikali, na komiki zote zilipanda hadi zikapitiliza. Nilinunua Eternals namba 1 ya 1976 mbili, dola 130 kila moja, miezi michache kabla filamu haijatoka. Nilikaa ukumbini naangalia sinema kwa jicho la mfanyabiashara, nikisikiliza watu wanacheka wapi. Hawakucheka sana. Mwaka uliofuata niliuza moja kwa dola 50 na aliyeinunua alinisikitikia.

Na hiyo ni filamu iliyotoka. Zipo zisizotoka. Blade alitangazwa jukwaa lilelile la Julai 2019, na Tomb of Dracula namba 10 ya 1973 ikapaa. Tarehe ikasogezwa, ikasogezwa tena, na Oktoba 2024 ikafutwa kwenye ratiba. Batgirl ilikuwa imeshapigwa picha yote pale kampuni ya filamu ya Warner Bros. ilipoamua Agosti 2022 kwamba haitaonyeshwa kabisa. Mwenye Detective Comics namba 359 aliyokuwa amenunua kwa ajili yake alibaki kukitazama. Kang naye alipangwa kuwa adui mkuu wa miaka kadhaa ya Marvel, wawindaji wakaimaliza Avengers namba 8 ya 1964, halafu mwigizaji wake akatiwa hatiani mahakamani Desemba 2023 na kampuni ikaachana naye siku hiyohiyo. Ukinunua kwa sababu ya filamu umenunua pia afya, tabia na mkataba wa watu usiowajua.

Kwa hiyo: nunua wakati wa kimya. Ukikosa kimya, nunua wakati wa tetesi kama bei bado ni ya kuvumilika. Tangazo likitoka, uza au tulia. Baada ya trela usinunue, labda kama unakitaka kitabu chenyewe.

Hatua ya 4: Kishike, kigeuze, kihesabu

Filamu inawapa watu haraka, na haraka hiyo ndiyo anayoitegemea muuzaji wa nakala mbovu. Usikubali kuharakishwa.

Anza na jalada kwenye mwanga wa upande, siyo wa juu. Inamisha kitabu taratibu: mikunjo iliyofichwa na rangi iliyopakwa juu ya mchubuko itaonekana inang'aa tofauti. Angalia mgongo karibu na pini. Vijistari vyeupe vidogo ni alama ya kufunguliwa mara nyingi, na kila kimoja kinakula bei. Pini ziwe zimeshika jalada, zisiwe na kutu. Nusa. Harufu ya stoo yenye unyevu haitoki, na wenzangu wa Mombasa, Zanzibar na Dar wanajua unyevu unavyoila karatasi hata ikiwa ndani ya plastiki.

Kisha hesabu kurasa, moja moja. Kwenye Hulk 181 kuna stempu ya karatasi ambayo Marvel walikuwa wakiwahimiza watoto waikate wabandike kwenye kitabu cha stempu. Watoto walitii. Nakala iliyokatwa stempu inaweza kuwa inang'aa nje kama mpya, na thamani yake ni sehemu ndogo ya ile nzima. Nimewahi kuuziwa moja kwa njia ya posta na muuzaji aliyepiga picha kumi na mbili nzuri, zote za nje.

Chunguza pia kama ni toleo la zamani kweli. Wachapishaji siku hizi hutoa upya matoleo maarufu yakiwa na matangazo yake ya zamani ndani, na hutoa hasa filamu inapokaribia. Soma maandishi madogo ya mchapishaji kwenye kurasa za mwanzo; mwaka wa kuchapwa uko pale. Action Comics namba 1 ilichapwa upya mwaka 1974 kwa umbo kubwa kama la gazeti, na hadi leo wapo wanaong'oa jalada la nje na kumpelekea bibi wa mtu wakimwambia ameokota mamilioni. Ukubwa peke yake unatosha kuwaumbua.

Kwa mlioko Uingereza: nakala za Marvel za miaka ya 1960 zenye bei ya peni juu yake si feki. Zilichapwa Marekani pamoja na zile nyingine. Mara nyingi huuzwa chini kidogo, na kwa anayependa kitabu kuliko sifa, hapo pana unafuu.

Hatua ya 5: Gredi, pale tu inapolipa

Kampuni kama CGC, iliyoanza mwaka 2000 huko Florida, hupokea komiki yako, huipima kwa alama kuanzia 0.5 hadi 10, kisha huifungia ndani ya kasha gumu la plastiki lenye lebo. Lebo ya bluu ndiyo ya kawaida. Ya zambarau inasema kitabu kimefanyiwa ukarabati, na bei yake hushuka sana. Ya njano ni ya kitabu kilichosainiwa mbele ya shahidi wao.

Faida ya kasha ni kwamba mnunuzi aliye mbali hahitaji kukuamini. Hasara ni gharama na muda. Msimu wa filamu foleni hurefuka, na kitabu kinaweza kurudi mikononi mwako mashabiki wameshahamia kwa shujaa mwingine. Kitabu cha dola 60 hakihitaji kasha. Cha dola 600 kinahitaji.

Hatua ya 6: Bei ni ile iliyolipwa

Mtu anaweza kuandika dola 5,000 juu ya kitabu chochote. Kwenye eBay kuna kichujio cha bidhaa zilizokwisha kuuzwa. Kitumie hicho na usahau bei nyingine zote. Tazama mauzo ya miezi mitatu ya hali inayofanana na ya kitabu chako, siyo mauzo moja ya juu yaliyosambazwa na mwenye kitabu kama hicho. Ukiona mauzo mawili ya siku moja yamepishana nusu kwa nusu, soko limechanganyikiwa. Subiri.

Kitabu cha bei cha Overstreet, kinachotoka tangu 1970, ni kizuri kwa kujua matoleo na historia. Kwa bei ya wiki ya trela kinakuwa kama kalenda ya mwaka jana.

Hatua ya 7: Fanya hesabu kabla ya kujisifu

Tuseme umenunua kitabu kwa dola 120. Umelipia gredi na posta ya kwenda na kurudi dola 60. Jumla 180. Filamu imetangazwa, umekiuza 240, unapiga simu nyumbani. Ngoja kwanza. Soko la mtandaoni linachukua, tuseme, asilimia 14: dola 33 na senti 60. Kadibodi, mfuko, bima na posta dola 16. Imebaki 190 na senti 40. Faida yako ni dola 10 na senti 40 kwa miezi minane ya wasiwasi, na mamlaka ya kodi ya Marekani nayo inazijua komiki: faida ya vitu vya kukusanya ulivyokaa navyo zaidi ya mwaka inaweza kutozwa hadi asilimia 28.

Ukiagiza ukiwa Nairobi au Dar es Salaam, weka posta ya kimataifa na ushuru kwenye karatasi hiyohiyo kabla hujabonyeza. Mara nyingi ukishaviweka, kitabu cha dola 40 unakiacha mwenyewe bila kushauriwa.

Hatua ya 8: Uza watu wakiwa bado njiani

Nauza kati ya tangazo na trela ya kwanza. Sisubiri kilele, maana kilele hukijui mpaka umeshakipita. Kama nina nakala mbili za kitabu kimoja, moja inaondoka kwenye tangazo na kurudisha mtaji, ya pili inabaki nyumbani kwa raha yake. Nikiuza, naandika kasoro zote kwenye maelezo na kuzipiga picha kwa karibu, hata ile ya kona ambayo hakuna angeiona. Kitabu kinachorudishwa kwa malalamiko kinarudi bei imeshashuka.

Halafu nakaa. Miezi sita hivi baada ya filamu kutoka, walionunua kwa pupa wanaanza kuhitaji pesa ya kodi ya nyumba, na maboksi yanajaa tena. Hapo ndipo ninaporudi dukani Jumamosi asubuhi, naomba kiti, napekua.

Mwaka jana nilipekua nikakutana tena na Eternals namba 1, dola 25, mgongo safi. Moyo ulienda mbio, si kwa sababu ya filamu. Mwaka 1976 Marvel walijaribu kuuza baadhi ya nakala kwa senti 30 badala ya 25 katika miji michache, na hizo ni adimu kuliko hizi za kawaida mbali sana. Nikaisogeza dirishani, nikaweka kidole kwenye kona ya juu ya jalada. Senti 25. Nikainunua hivyo hivyo. Iko kwenye boksi pamoja na ile iliyobaki ya dola 130, zinatazamana.